Setilaiti Haiujui Mto Ruvuma

Msomaji, umewahi kusafiri na king'amuzi chako, ukakifunga ugenini, halafu kioo kikakuandikia kwamba huduma haipatikani? Ulimlaumu nani? Fundi? Mawingu? Chumvi ya baharini? Leo nataka tuizungumzie hiyo lawama, maana mimi niliwahi kumtupia mtu asiyestahili.

Septemba moja tulikuwa kazini kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma, kusini mwa Mtwara mjini. Gari letu lilikuwa Land Cruiser ya zamani iliyogeuzwa nyumba: vitanda viwili, jiko la gesi, friji ndogo na betri ya pili chini ya kiti. Mwenzetu mmoja alikuja na king'amuzi alichouziwa ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, kwa bei ya kutupa. Dishi tulinunua Mtwara. Jumamosi Arsenal wanacheza, na sisi tumeegesha Msimbati chini ya minazi. Tukamwita kijana mmoja, fundi dishi wa palepale.

Alianza kazi alasiri. Watoto wakakaa mchangani, wavuvi waliorudi baharini wakasogea. Kabla ya magharibi vile vistari viwili kwenye kioo, cha nguvu na cha ubora, vikapanda vyote. Watu wakapiga makofi. Halafu yakatokea maandishi ya Kireno, na kwa kifupi yalisema hivi: hujaruhusiwa. Ikabaki hivyo mpaka mechi ikaisha. Mzee mmoja akasema, "Huyu bado hajaiva, wangemwita fundi wa mjini." Kijana akarudisha spana zake kwenye mfuko. Nilipompa shilingi 10,000 yake akakataa: "Acha tu, kaka. Nitakulaje hela yenu na picha hamjaiona?"

Nikairudisha noti mfukoni. Yaani mimi, mwenye shahada ya uzamili, niliamini kweli kwamba kakosea. Ilinichukua wiki nzima ya kusoma na kupiga hesabu kugundua kwamba jioni ile kijana hakukosea kitu hata kimoja.

Kwa hiyo hapa nataka kukikosoa king'amuzi kama wengine wanavyokosoa filamu au kitabu. Kinaahidi nini? Kinatoa nini? Na kikishindwa, nani anabebeshwa mzigo?

Alichokishinda fundi

Tuanze na mbingu. Setilaiti za televisheni zinakaa juu ya Ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, zikienda sambamba na mzunguko wa dunia. Ndiyo maana kwetu sisi tulio chini zinaonekana kama zimesimama mahali pamoja. Ila zinasimama upande gani na juu kiasi gani, hilo linategemea wewe uko wapi.

Chukua mifano miwili unayoifahamu. DStv kwa huku kwetu inarusha kutoka nyuzi 36 mashariki, na Azam TV kutoka nyuzi 7 mashariki. Nikipiga hesabu kwa Mtwara, ya nyuzi 36 iko karibu na utosi: mwinuko wa nyuzi 77, upande wa kaskazini ikiegemea magharibi. Ya nyuzi 7 iko upande wa magharibi, mwinuko wa nyuzi 50. Dishi lililofungwa kwa ajili ya moja haliioni nyingine kabisa.

Sasa, dishi la sentimita 90 linaona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 2 hivi. Likipotoka kwa nyuzi 1 tu kutoka katikati, nguvu ya mawimbi inashuka hadi nusu. Ukilihamisha dishi kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara bila kugusa skrubu, mwinuko wa setilaiti ya nyuzi 36 unakuwa umebadilika kwa nyuzi 4, kutoka 81 hadi 77. Umeshaipoteza. Na kwenye gari ni balaa zaidi: tairi moja likizama kidogo kwenye mchanga wa Msimbati, au mtu akipanda kitandani, gari linainama na dishi la juu ya paa linainama nalo. Kijana wetu alilijua hilo bila kuambiwa na mtu. Alilishusha dishi, akachimbia nguzo chini.

Kuna mtego mwingine. Madishi mengi ya majumbani hayatazami pale uso wake unapoelekea. Kichwa chake kimewekwa upande wa chini, na dishi linatazama juu zaidi ya linavyoonekana, kwa nyuzi zaidi ya 20. Mpita njia anaona dishi linautazama mnazi, kumbe linatazama juu ya mnazi. Na tukiwa hapo kwenye minazi: mti wa mita 15 usimame angalau mita 13 mbele ya dishi la nyuzi 7 ili usizibe, lakini kwa la nyuzi 36 mita 4 zinatosha. Ndiyo maana jirani yako anaweza kupata picha kwenye kiwanja kilekile ambacho wewe umekosa, hasa kama huduma zenu ni tofauti.

Kisha kile kichwa chenyewe, ambacho mafundi wanakiita LNB. Mawimbi yanakuja kwa mikao miwili, yaliyolala na yaliyosimama, na kadiri unavyokuwa pembeni ya setilaiti ndivyo mikao hiyo inavyokufikia ikiwa imeinama. Kwa Mtwara kichwa kinapaswa kupindishwa karibu nyuzi 22 kwa setilaiti ya nyuzi 36, na karibu nyuzi 72 kwa ile ya nyuzi 7. Tena kichwa na king'amuzi lazima wasikilizane. King'amuzi kinatuma volti 13 au 18 kwenye kebo kuchagua mkao, na mlio wa kilohezi 22 kuchagua masafa ya juu au ya chini. Vichwa vipya vya kebo moja vina lugha yao tofauti. Ukichanganya kichwa cha aina hii na king'amuzi cha aina ile, utakesha.

Mwisho, umeme. Betri ya gari ni volti 12. Sisi tuliipandisha kwa inverta hadi 230, halafu adapta ya king'amuzi ikaishusha tena hadi 12. Fikiria mtu anayepanda mnazi ili ashuke. Fundi alisoma kibandiko cha adapta, akatuuliza kwa nini tunafanya hivyo, hatukuwa na jibu. Akatuonya pia tusiwashe injini wakati king'amuzi kinafanya kazi, kwa sababu starta inavuta umeme mwingi, volti zinashuka ghafla, na king'amuzi kinazima na kuanza upya.

Hesabu mwenyewe: pembe, kivuli cha minazi, mkao wa kichwa, umeme. Vizuizi vinne, vyote ni vya kweli, na kijana alivishinda vyote kwa spana mbili na kioo cha televisheni, bila kipimo. Kistari cha ubora kilipopanda, kazi ya fundi ilikuwa imekamilika. Kumbuka hilo. Nguvu peke yake haina maana kubwa, unaweza kuwa umedaka setilaiti nyingine kabisa. Lakini ubora ukipanda, maana yake king'amuzi kimeielewa setilaiti yake.

Ambacho hakishindiki kwa spana

Kilichobaki hakikuwa angani. Mawimbi yaliyoanguka Msimbati jioni ile ndiyo yaleyale yaliyoanguka ng'ambo ya Ruvuma. Setilaiti haiujui mto. Haijui kwamba ukivuka na kivuko cha Kilambo unatoka kwenye shilingi unaingia kwenye metikali. Anayejua ni kadi iliyo ndani ya king'amuzi. Picha zinarushwa zikiwa zimefungwa kwa msimbo, na kadi inapewa ufunguo kulingana na akaunti: imesajiliwa nchi gani, imelipiwa kifurushi gani, mpaka lini. Yetu ilisajiliwa ng'ambo kwa jina la mtu tusiyemjua, na muda ulikuwa umekwisha.

Kosa la kununua king'amuzi cha namna hiyo ni letu, sikatai. Ninachokikosoa ni namna kifaa kinavyozungumza. Kipeperushi kilichokuwa kwenye boksi nilikisoma chote, kwa msaada wa mtu anayejua Kireno. Kina picha ya familia inacheka. Kina hatua sita za kufunga. Hakisemi popote kwamba kifaa hiki ni cha nchi moja, wala hakina pembe ya mji hata mmoja. Nikaenda kuvisoma vya ving'amuzi vitatu vya upande wetu wa mto, vya kampuni tofauti. Hakuna hata kimoja kilichonipa nyuzi za Mtwara. Vyote vinamalizia na shauri moja: ikishindikana, muone fundi.

Hapo ndipo ninapogombana nacho. Kifaa kina sababu mbili tofauti kabisa za kukataa, moja ya fizikia na nyingine ya mkataba, lakini kwa mtazamaji aliyekaa mchangani zote zinaonekana sawa: kioo hakina picha. Na kwa kuwa mkataba hauonekani na fundi anaonekana, lawama inamwendea fundi.

Najua majibu ya upande wa pili, na yana uzito. Haki za kuonyesha mpira zinauzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo kampuni haiwezi kuachia kadi itumike popote. Ving'amuzi navyo mara nyingi vinauzwa kwa bei ya chini ili kampuni irudishe fedha yake kwenye vifurushi. Bila kufuli, nani angelipa? Sawa. Lakini kulinda mkataba ni jambo moja, na kulazimisha kila mkataba uje na boksi lake ni jambo jingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 ilitaka televisheni za kidijitali zenye kioo kinachozidi sentimita 30 ziwe na tundu la wazi la kuchomekea moduli, ili kifaa kiwe kimoja na kinachobadilika kiwe ufunguo. Haikuondoa maboksi yote kule, lakini ilionyesha kwamba kufuli na kifaa vinaweza kutenganishwa.

Na sisi wenyewe tumewahi kufanya jambo linalofanana na hilo. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao wa simu na namba yake ileile. Simu yako moja inakubali laini ya kampuni yoyote. Kwa nini king'amuzi, ambacho tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 kimegeuka kitu cha lazima sebuleni, kiendelee kuwa boksi juu ya boksi?

Lakini hata kama hilo litachukua miaka, kuna jambo dogo la wiki moja tu. Andikeni kwenye boksi, kwa Kiswahili, kifaa hiki kinatumika nchi gani. Wekeni jedwali la nyuzi kwa kila mkoa. Na kioo kikikataa kwa sababu ya akaunti, kiseme wazi: "Dishi lako liko sawa. Tatizo ni malipo au usajili." Maneno hayo tu yangetosha jioni ile.

Nawe msomaji, kabla hujamkatia fundi hela yake, tazama kistari cha ubora. Kikiwa juu, mlipe, halafu ugombane na kadi.

Tulirudi Msimbati mwezi wa Novemba. Nilimkuta anafunga dishi kwenye nyumba moja ya wageni. Nikampa shilingi 10,000 yake na nikamweleza yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe nilidaka?"

"Ulidaka, tena barabara."

Akaiweka noti mfukoni. "Basi kaka, kabla hujaondoka, twende ukawaambie na wale wazee."

Tukaenda.