Nusu lita ya maji

Kopo lake la plastiki lilikuwa na mstari uliochorwa kwa msumari. "Mpaka hapa ni nusu lita, mwanangu," aliniambia, na juu ya mstari ule hakuongeza hata tone. Kilikuwa kijiji kimoja kati ya Nachingwea na Ruangwa, miaka ile baada ya Hati Punguzo kuanza mwaka 2004, mama mjamzito akipewa hati kliniki na kwenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei nafuu. Chandarua kiliuzwa pamoja na pakiti ya dawa, Ngao, na kazi ya kukitia dawa ilibaki ya mwenye nyumba. Majirani walileta vyandarua vyao kwa yule mwenye kopo.

Chandarua kilikuwa kimefuliwa jana yake na kukauka. Alikikung'uta, akapitisha vidole pindo zima akitafuta matundu, akaliona moja na kulishona kwa uzi mweupe. Ndipo akavaa glovu. Beseni liliwekwa chini ya mkorosho, mbali na kuku na watoto. Kidonge cha dawa kikaingia majini, akakoroga kwa kijiti mpaka maji yakawa meupe kama tui la pili.

Kipimo kile kilikuwa na hesabu yake. Uzi wa poliesta haunywi maji mengi kama pamba, ambayo ingetaka lita 2. Kidonge kina gramu 0.4 za deltamethrini, na chandarua cha familia kina kama mita za mraba 16, hivyo kila mita ya mraba hupata miligramu 25 za dawa. Maji yakizidi, dawa inabaki kwenye beseni.

Akakididimiza polepole. Alikikanda kama mkate wa kusukuma, akileta chini sehemu iliyo kavu na kuirudisha tena juu, hana haraka, mpaka beseni likabaki halina maji. Mkono wangu ulitaka kumsaidia kukamua. "Ukikamua umeitupa dawa," alisema, akakitandaza kama kilivyo juu ya jamvi, kivulini. Kikitundikwa kibichi, dawa huteremka na kukusanyika pindoni, na jua kali huidhoofisha. Maji aliyooshea beseni aliyamwaga chooni. Mtoni hayapelekwi, kwa kuwa dawa hii huua samaki.

Wakati huohuo kule Arusha, kiwanda cha A to Z kilikuwa kinatengeneza vyandarua vya Olyset tangu 2003. Humo permethrini huchanganywa na plastiki kabla nyuzi hazijavutwa. Dawa ya juu ikiondoka kwa kufuliwa, nyingine hupanda taratibu kutoka ndani ya uzi. Chandarua cha kudumu kama hicho hutakiwa kihimili kufuliwa mara 20 maabara na kutumika miaka 3. Cha beseni kilitaka kurudiwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Siku hizi wataalamu wa vitambaa hufanya kazi kwa nanomita, sehemu moja ya bilioni ya mita: chembe za fedha za kuzuia bakteria, oksidi ya zinki ya kukinga mionzi ya jua, dawa iliyofungwa kwenye vijifuko visivyoonekana ili itoke kidogo kidogo. Wametengeneza pia vitambaa visivyoshika maji, kwa siri ileile ya jani la gimbi, ambalo vijinundu vyake vya nta hufanya tone liviringike na kuchukua vumbi. Ustadi mkubwa huo, nami nauheshimu. Lakini swali lao ni lilelile la chini ya mkorosho: dawa ienee sawasawa, na isibanduke.

Yeye alikuwa amerudi jamvini mara tatu kukigeuza. Mara ya nne alikunja kona moja, akaibonyeza kwa kidole, akaiacha. Kikavu. Rangi ileile, wepesi uleule. Jicho halikuona chochote kilichobadilika. Alikikunja, akamkabidhi binti aliyekuwa akisubiri na mtoto mgongoni, akamwambia akichomeke vizuri chini ya godoro, na asikifue mpaka kichafuke kweli.

Kisha akachukua kopo, akateka maji mpaka kwenye mstari. Vyandarua vilibaki viwili.