Jiwe la Mbinguni na Orodha ya Watakaookoka

Msomaji kijana, keti pamoja nami juu ya ubao mrefu ndani ya kibanda cha sinema, Mukuru kwa Njenga, mashariki ya Nairobi. Kuta ni za mabati na paa ni la mabati. Mlangoni pametundikwa blanketi ili nuru ya jua isiingie. Kiingilio ni sarafu chache, na kila aliyetoa sarafu zake ana haki ya kucheka, kuogopa na kutoa maoni kwa sauti. Sinema tutakayoitazama ni Deep Impact, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1998 chini ya uongozi wa Mimi Leder. Imezaliwa kabla yako, lakini haijazeeka, maana inasimulia hofu isiyozeeka: hofu ya jiwe litokalo mbinguni kuja kuiangamiza dunia.

Nakuomba tuipime kwa mizani tatu: mizani ya kweli, mizani ya kiasi, na mizani ya haki. Mtu asifuye au alaumuye bila mizani hapigi hakiki, hupiga kelele.

Kwanza tujue kisa chenyewe. Kijana wa shule aitwaye Leo Biederman, akitazama nyota pamoja na wenzake, aona nukta ya nuru ambayo haimo katika ramani ya mbingu. Picha yake yapelekwa kwa mtaalamu, naye atambua kwamba ni nyota yenye mkia, urefu wake kilomita 11 hivi, na njia yake yaelekea duniani. Serikali yaficha habari hiyo mpaka mwandishi mmoja wa habari za televisheni aifichua pasipo kukusudia. Chombo chenye watu chatumwa kwenda kulivunja jiwe kwa mabomu ya nyukilia. Badala ya kuangamia, lapasuka vipande viwili, na vyote viwili vyazidi kuja. Ndipo Rais atangazapo kwamba yamechimbwa mapango ya kuwahifadhi watu milioni moja. Watu 200,000 wamekwisha kuchaguliwa kwa elimu na kazi zao. 800,000 watapatikana kwa kura. Na aliyepita umri wa miaka 50 hana kura. Mwishoni kipande kidogo chaanguka baharini na kuleta wimbi la kutisha, na kile kikubwa chavunjwa na wanaanga waliotoa maisha yao.

Katika mizani ya kweli, sinema hii ina uzito kuliko wenzake wengi. Jiwe la ukubwa huo si ndoto. Miaka milioni 66 iliyopita, jiwe lenye upana wa kilomita 10 hivi lilipiga mahali paitwapo Chicxulub, katika nchi ya Meksiko ya leo, na dinosauri wakatoweka. Wimbi la bahari pia si uongo. Lakini mwisho wa hadithi una kasoro kubwa. Mtu akikumwagia gunia la kokoto kichwani, je, kulipasua gunia likiwa hewani kutapunguza uzito wa kokoto? Mlima uliovunjwa saa chache kabla ya kufika bado ni mlima, na vipande vyake vingeshuka pamoja na kulichoma anga kwa joto lake. Sinema yatuonyesha mbingu iliyopambwa kwa vimulimuli. Kweli ingetuonyesha tanuri.

Dawa ya kweli haina kishindo. Ni kulisukuma jiwe kidogo, mapema sana. Mtu aondokaye Nairobi kwenda Mombasa, akikosea mwelekeo kwa unywele mmoja tu na kushika mstari huo huo, hataiona Mombasa. Hivyo ndivyo wataalamu wa Marekani walivyojaribu tarehe 26 Septemba 2022, chombo chao kiitwacho DART, kisicho na mtu ndani, kilipojigonga makusudi juu ya jiwe Dimorphos, lenye upana wa meta 160 hivi. Jiwe hilo lilikuwa likilizunguka jiwe kubwa zaidi kwa muda wa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, muda huo ulipungua kwa dakika zipatazo 32. Hapakuwa na bomu wala machozi, bali hesabu njema na subira.

Sasa twende katika mizani ya kiasi. Sinema yatufundisha kwamba jiwe la mbinguni ni mwisho wa dunia, au si kitu. Hapo ndipo mtazamaji adanganywapo. Mawe makubwa kama lile la Chicxulub hupita mamilioni ya miaka bila kufika. Madogo hufika mara kwa mara, na Afrika ya Mashariki inayajua. Mbozi, kusini magharibi ya Tanzania, lipo kimondo cha chuma chenye uzito wa tani nyingi, na watu huenda kukitazama. Mjini Mbale, Uganda, mvua ya mawe ya namna hii ilinyesha tarehe 14 Agosti 1992. Kijiwe kimoja kilipita katika majani ya mgomba, kikampiga kijana kichwani, naye hakuumia. Tarehe 16 Julai 2011 mawe yalianguka karibu na Thika, si mbali na kibanda tulimoketi.

Kati ya kijiwe cha Mbale na mlima wa sinema kuna mawe ya kadiri, na hayo ndiyo yatupasayo kuyafikiri zaidi. Tarehe 30 Juni 1908, jiwe lilipasuka hewani juu ya msitu wa Tunguska, Urusi, likalaza miti katika eneo la kilomita za mraba 2,000 na zaidi, yaani karibu mara tatu ya Kaunti yote ya Nairobi. Tarehe 15 Februari 2013, jingine dogo zaidi, upana wake meta 20 hivi, lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, huko huko Urusi. Watu wapatao 1,500 walihitaji tabibu, na wengi wao hawakuguswa na jiwe: walikatwa na vioo vya madirisha. Nyumba za matofali zilisimama. Tazama juu, msomaji, uyaone mabati yaliyotufunika, kisha ujiulize upepo wa namna ile ungeyafanyia nini. Swali hilo sinema haikuliuliza, kwa sababu watu wa sinema ile hawakai chini ya mabati.

Kiasi hufundisha tena jambo la pili: kuijua hofu inapopanda na inaposhuka. Tarehe 27 Desemba 2024, darubini iliyoko Chile iligundua jiwe lililopewa jina 2024 YR4. Februari 2025 ilisemwa kwamba huenda likaipiga dunia tarehe 22 Desemba 2032, na kadirio likafika asilimia 3.1. Ukanda wa mahali lingeweza kuanguka ulipita juu ya Afrika pia. Siku chache baadaye kadirio hilo lilishuka hata likawa si kitu. Wengine walisema, "Wataalamu wametuchezea." La, hawakutuchezea. Ukitafuta sindano iliyoanguka chumbani, kila pembe uifagiayo bila kuiona huzidisha shaka kwamba imo katika pembe zilizobaki. Na mara uionapo nje ya mlango, shaka yote huisha kwa pigo moja. Habari hiyo ilitangazwa hadharani kila ilipobadilika, na mtu wa Mukuru mwenye simu aliweza kuisoma siku ile ile aliyoisoma mtu wa London. Hapa, ndugu yangu, ulimwengu wa kweli umeishinda sinema kwa uungwana: katika sinema serikali ilificha, na huku nje wataalamu walisema.

Imebaki mizani ya haki, nayo ndiyo nzito. Rais atangazapo habari ya mapango, kibanda chote hunyamaza. Kisha sauti moja kutoka ubao wa nyuma huuliza, "Na sisi je?" Sinema ina jibu, lakini ni jibu la kupita njia: mataifa mengine, asema Rais, yanachimba mapango yao kwa namna yaonavyo inafaa. Na taifa lisilo na fedha za kuchimba? Hapo sinema yafumba mdomo. Wimbi limalizapo kazi yake, Afrika yatajwa kwa kupita, kama mtu atajavyo jirani asiyemjua jina.

Sisemi kwamba mtunzi alikuwa na roho mbaya. Kwa hakika alithubutu kuonyesha uchungu wa orodha: mzee anayeachwa nje, mzazi anayemkabidhi mtoto wake kwa wengine. Lakini uchungu huo ameutazama kutoka upande wa watu ambao hawakupata kuachwa nje ya orodha hata siku moja. Watu wa Mukuru kwa Njenga hawahitaji nyota yenye mkia ili waujue. Mwaka 2021, matingatinga yalipobomoa nyumba hapa ili kupisha barabara, maelfu ya watu walilala nje. Aliyeyaona hayo huitazama sinema hii kwa macho mawili: jicho moja latazama mbingu, na jicho jingine latafuta jina lake katika karatasi.

Basi hukumu yangu ni hii. Deep Impact ni sinema nzuri yenye moyo, na yastahili sarafu zako. Sifa yake kubwa ni kwamba hatari yaonwa kwanza na mwanafunzi. Kosa lake kubwa ni kuamini kwamba wokovu ni nafasi chache za kugawanywa, hali wokovu wa kweli ni maarifa yanayoenezwa. Pango huokoa waliomo ndani. Jiwe likisukumwa mapema, huokoka aliye na kura na asiye na kura, aliye chini ya mabati na aliye chini ya vigae. Kwa hiyo darubini ina haki kuliko pango.

Kumbuka hili usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili 2029. Saa za usiku wa manane kwetu Kenya, jiwe Apophis, lenye upana wa meta 300 na zaidi, litapita umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka juu ya ardhi, na Afrika ni miongoni mwa mahali litakapoonekana kwa macho matupu, mbingu zikiwa safi. Halitatugonga, hesabu imekwisha kulithibitisha hilo. Toka nje ya nyumba ulitazame, na umwamshe jirani yako, awe na miaka kumi au themanini. Kwa onyesho hilo hakuna kiingilio, wala hakuna orodha.