Muziki Unaotaja Jina: Uhakiki wa Muziki katika Filamu za Mashujaa

Katika kazi za uhakiki wa filamu zinazoandikwa na wanafunzi wa fasihi, sehemu ya muziki kwa kawaida huwa sentensi moja tu. Mwanafunzi huandika kwamba muziki uliotumika unavutia na unaendana na matukio, kisha huhamia kwenye maleba, lugha na dhamira. Sentensi hiyo inanuiwa kuwa sifa. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba, kwa filamu nyingi za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilizotoka tangu mwaka 2008, sentensi hiyo hiyo ndiyo lawama kubwa. Muziki wake unaendana na matukio, na hauna kazi nyingine.

Hoja yetu ni kwamba muziki wa shujaa una wajibu wa kumtaja shujaa huyo. Ukisikika, msikilizaji amjue mhusika hata akiwa amefumba macho.

Kibwagizo cha mhusika

Hapa Uganda hoja hii si ngeni. Kila ukoo wa Baganda una omubala wake, yaani mdundo wa ngoma wenye maneno yake, na anayeusikia hutambua ni ukoo gani unaotajwa kabla hajamwona mtu yeyote. Huko Ankole, ebyevugo ni majigambo ambamo mtu hujitaja na kuyataja matendo yake kwa kasi na mahadhi maalumu. Katika ushairi wa Kiswahili nako tuna kibwagizo. Maneno yake hayabadiliki, lakini kila kinaporudi kinakuwa kimebeba uzito wa ubeti uliotangulia.

Watunzi wa muziki wa filamu wanayo mbinu inayofanana na hizo. Mhusika hupewa kipande kifupi cha muziki, nacho hurudi kila anapotokea, mara kwa ushindi, mara kwa huzuni. Mwaka 1978 John Williams aliitungia filamu ya Superman, iliyoongozwa na Richard Donner, wito wa tarumbeta ambao wasikilizaji wengi husikia ndani yake silabi za jina la shujaa mwenyewe. Mwaka 1989 Danny Elfman alimtungia Batman wa Tim Burton kipande kizito chenye giza. Ukiviweka vipande hivi viwili pamoja, huhitaji picha ili kujua kwamba shujaa mmoja huruka mchana kweupe na mwingine hujificha usiku. Huo ni usawiri wa wahusika, na umefanywa bila neno hata moja.

Jina linapopotea

Tuje sasa kwenye filamu za kampuni ya Marvel. Filamu tatu za Iron Man (2008, 2010 na 2013) zilitungiwa muziki na watu watatu tofauti: Ramin Djawadi, John Debney na Brian Tyler. Thor alipata filamu nne kati ya mwaka 2011 na 2022, na watunzi wakuu wanne: Patrick Doyle, Brian Tyler, Mark Mothersbaugh na Michael Giacchino. Wote ni mafundi wa kazi yao. Lakini aghalabu kila mmoja alianza upya. Ni sawa na utenzi ambao kila baada ya beti kumi hukabidhiwa malenga mwingine, naye akaja na kibwagizo chake. Mwishowe hadhira haina cha kuitikia.

Sababu ya pili imo katika namna filamu zinavyohaririwa. Wahariri wanapounganisha picha, muziki wenyewe huwa bado haujatungwa. Kwa hiyo huazima muziki wa filamu nyingine na kuuweka pale kwa muda. Mwongozaji huusikia kwa majuma au miezi mpaka masikio yake yanauzoea, na mtunzi anapofika huombwa alete kitu kinachofanana na kile cha kuazima. Hivyo filamu hii inafanana na ile, na ile na iliyoitangulia. Mwaka 2016 wahakiki wa filamu Tony Zhou na Taylor Ramos waliieleza desturi hii kwa mifano katika video yao iliyojadiliwa sana, wakionesha kwamba watu wengi hawawezi kuimba hata kipande kimoja cha muziki wa filamu za Marvel.

Sababu ya tatu ni kelele. Vita vya mwisho katika filamu hizi huchukua muda mrefu, na milipuko, vyuma na majengo yanayoporomoka huujaza ukumbi. Muziki uliowekwa chini ya kelele hizo hauwezi kusema jambo la kina, kwa hiyo hubaki kuwa mwendo tu wa fidla zinazokimbia na ngoma zinazogonga. Katika vibanda vya video vya Kampala mzigo unaongezeka, maana juu ya milipuko kuna sauti ya VJ anayetafsiri. Muziki husikika pale tu anapovuta pumzi. Kwa nafasi finyu kama hiyo, unaobaki masikioni ni ule unaotambulika kwa sauti tatu au nne.

Haki inatutaka tuseme kwamba kampuni hiyo hiyo imewahi kupatia. Alan Silvestri alitunga kipande cha The Avengers mwaka 2012. Alirudi kutunga muziki wa Infinity War (2018) na Endgame (2019), na katika filamu hiyo ya mwisho, mashujaa waliodhaniwa wametoweka wanaporejea uwanjani, kipande kile kinarejea pamoja nao. Hadhira ilikuwa imekitunza kwa miaka saba. Tukio lile lisingekuwa na nguvu ile kwa muziki mpya, hata ungekuwa mzuri namna gani.

Si lazima uimbike

Msomaji asidhani kwamba tunalilia tarumbeta za zamani. Muziki unaweza kumtaja mhusika bila kuwa na wimbo wa kuimbika. Katika The Dark Knight (2008), ambayo muziki wake ulitungwa na Hans Zimmer na James Newton Howard, mhalifu Joker hupewa sauti ya nyuzi inayovutwa na kukwaruza, inayozidi kukaza bila kupata mahali pa kutua. Huwezi kuiimba ukiwa unaosha vyombo. Lakini ukiisikia unajua ni nani anayekuja, na unajua kwamba hana nia njema.

Mfano wa pili ni Joker ya mwaka 2019. Mtunzi wake, Hildur Guðnadóttir wa Iceland, alianza kutunga baada ya kuusoma mswada, kabla ya picha kupigwa. Mwigizaji Joaquin Phoenix alipocheza ile ngoma ya polepole chooni, muziki wa chelo ulikuwa ukisikika palepale, naye akaufuata kwa mwili wake. Hapo matukio ndiyo yaliyoendana na muziki. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2020.

Ngoma ya Wakanda

Mfano unaotugusa zaidi ni Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Mtunzi Ludwig Göransson, mzaliwa wa Sweden, alikwishafanya kazi na Coogler katika filamu za awali. Alipopata mswada hakukimbilia kompyuta. Alikwenda Senegal akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal katika ziara yake, kisha akaenda Afrika Kusini kusikiliza hazina ya Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Mfalme T'Challa akapewa tama, ngoma ya kwapani inayopandisha na kushusha sauti kama mtu anayesema, na midundo yake inalitamka jina lake. Hasimu wake, Killmonger, akapewa filimbi ya Wafulani iliyochanganywa na midundo ya mashine ya mitaa ya Marekani. Filimbi inataja asili aliyonyimwa, na mashine inataja mahali alipokulia. Mgogoro mzima wa filamu umo katika ala hizo mbili. Tuzo ya Oscar ya mwaka 2019 ilistahili.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza swali moja zaidi: jina linatajwa kwa ulimi wa nani? Baadhi ya picha za angani za Wakanda zilipigwa hapa Uganda, katika milima ya Rwenzori na msitu wa Bwindi. Wahusika wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Ngoma ni ya Senegal na filimbi ni ya Wafulani. Yaani macho yanaona Bwindi na masikio yanasikia Dakar. Wakanda ni nchi ya kubuni, na mtunzi ana uhuru wake. Hata hivyo hatungekubali kwa urahisi filamu inayoonesha vijiji vya Uhispania huku ikipiga muziki wa Urusi na kutuambia kwamba yote ni Ulaya. Kazi hii imemtaja mtu mmoja kwa ustadi mkubwa, lakini mahali imepataja kwa jumla tu.

Nasi tuna la kujiuliza. Tracey alizunguka Uganda katika miaka ya 1950 na 1952 akirekodi, miongoni mwa mengine, wanamuziki wa kasri la Kabaka. Kasri hilo lilishambuliwa mwaka 1966, na wapigaji wake wakatawanyika. Sauti zao zimehifadhiwa katika maktaba ile ile aliyoitembelea Göransson. Ikiwa mgeni aliweza kusafiri hadi huko ili ampatie mfalme wa kubuni ngoma ya kumtaja, wanafunzi wetu wanaotunga tamthilia na filamu fupi za Kiswahili hawana sababu ya kuweka chini ya matukio yao muziki wa kuokota mtandaoni.

Tunapendekeza basi kwamba, katika uhakiki ujao, sentensi ile ya muziki unaovutia iachwe. Badala yake mwanafunzi aeleze ni mhusika gani anayetajwa na muziki, kipande chake kimerudi mara ngapi na kimebadilika vipi, na ala zilizotumika ni za watu gani. Atakayeshindwa kupata majibu baada ya kuitazama filamu mara mbili, aandike hivyo hivyo kwamba hakuyapata, na huo utakuwa uhakiki.