Nyuzi Ndani ya Ngome

Alasiri moja ya Februari, kaskazi ikivuma kutoka baharini, niliingia Ngome Kongwe mjini Unguja kabla ya milango ya tamasha kufunguliwa rasmi. Uwanja ulikuwa mtupu. Mafundi walikuwa wakiburura nyaya, na pembeni mwa jukwaa mzee mmoja alikuwa ameinamia ala yake, kanuni. Ufunguo mkononi, anaukaza uzi, anaudonoa, anatega sikio, anaulegeza kidogo, anaudonoa tena. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70. Karibu kila sauti hubebwa na nyuzi tatu, na mmoja ukikosana na wenzake, sikio la mjuzi huumia. Kazi hiyo ilimchukua karibu saa nzima. Tangu siku ile nimeamini kwamba tamasha la Sauti za Busara linapaswa kupimwa kwa saa ile.

Lilianza mwaka 2004, chini ya asasi ya Busara Promotions iliyoongozwa na Yusuf Mahmoud, Mwingereza wa kuzaliwa aliyehamishia maisha yake Zanzibar. Sharti kubwa la tamasha lilikuwa moja: anayepanda jukwaani apige na aimbe laivu. Leo mtu anaweza kuliona jambo dogo. Wakati ule, kumbi nyingi zilikuwa zimezoea pleibeki, mwimbaji akishika maikrofoni huku CD ikimfanyia kazi. Taarabu yenyewe ilikuwa imeshika njia ya rusha roho, kinanda cha umeme kikikalia kiti cha fidla, udi na kanuni. Siwalaumu waliocheza rusha roho. Ina raha yake na mashairi yake makali. Lakini kinanda kimoja kinapofanya kazi ya watu kumi, watu kumi hukosa sababu ya kufundisha watoto wao.

Na ujuzi huo haukupatikana kirahisi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoendelea kupiga hadi karne hii. Siti binti Saad, binti wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akiimba kwa Kiswahili. Culture Musical Club ikafuata mwaka 1958. Hesabu hiyo ni ya mikono: mkono uliomwonyesha mwingine namna ya kuvaa pete yenye kidonoleo kwenye kidole cha shahada, kulia na kushoto, na namna ya kusubiri fidla imalize sentensi yake.

Kundi la taarabu likifungua usiku kwa bashrafu, uwanja mzima hubadilika. Bashrafu haina maneno. Ni ala zinazosalimiana. Kisha mwimbaji anaingia, na mama mmoja anainuka, anakwenda mbele kwa mwendo wa maringo, noti imeinuliwa juu, anamtunza. Mgeni hudhani anakatiza onyesho. Mwenyeji anajua kwamba ubeti ule umemgusa mahali, na kwamba huko kutunza nako ni sehemu ya muziki.

Jukwaa hilohilo limembeba mwimbaji Bi Kidude, aliyepiga ngoma ya unyago kwa nguvu ambazo wengi wa nusu ya umri wake hawakuwa nazo. Alipewa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 na akafariki Aprili 2013. Sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo, na hakuna mtambo ambao ungeweza kuisafisha bila kuiua.

Kuta zinazowazunguka wapigaji zilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa, mwishoni mwa karne ya 17. Zimekuwa gereza, zimekuwa karakana ya reli ya Bububu. Nadhani kuimbiwa ndiyo kazi njema kuliko zote zilizowahi kupewa.

Kazi hiyo ilikaribia kukoma. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Wenyeji hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni, jambo la haki kabisa, lakini kiingilio peke yake hakiwezi kulipa majukwaa, taa na nauli za wasanii. Wafadhili wanapopungua, pengo linaonekana. Februari ile Mji Mkongwe ulikuwa kimya kwa namna iliyoniuma. Mwaka 2017 walirudi, na hata mwaka 2021, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, tamasha lilifanyika, ingawa kwa siku chache.

Siku hizi jukwaani naona vijana waliopita Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002. Siti Amina anaimba na udi mapajani. Rajab Suleiman ameiendeleza kanuni kwa ustadi wa kumfanya msikilizaji asahau kupumua. Wasanii kama hawa wanahitaji mahali ambapo saa nzima ya kulinganisha nyuzi italipwa kwa masikio ya watu.

Basi Februari ijayo, ukijaliwa kufika Unguja, usisubiri giza liingie. Nenda Ngome Kongwe alasiri, tafuta kivuli ukutani, ukae kimya umsikilize mpiga kanuni akitafuta sauti zake. Na mama akiinuka usiku na noti yake mkononi, mpishe apite.