Mpito Katika Ngoma Bunifu: Mchezaji, Mtunzi na Mkufunzi

Ngoma bunifu ya kitamaduni, jinsi inavyochezwa na wanafunzi wa shule na vyuo katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la Kenya, aghalabu husomwa kwa kuanzia kwenye hadithi yake: nani kaonewa, nani kajuta, jamii imepatanaje. Mimi huanzia pale pasiposimuliwa chochote, yaani katika mpito: sekunde chache ambamo umbo moja la wachezaji limevunjika na jingine halijasimama. Hapo ndipo ukomavu wa mcheza ngoma wa chuoni unapojidhihirisha, hata kabla hajaitwa mtunzi au mkufunzi.

Mazingira ya Nakuru yanaufanya mpito huo kuwa mgumu kwa namna ya pekee. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo huko Njoro, Nakuru, mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, anaishi katikati ya sarufi za mwili zisizofanana. Upande mmoja kuna mwomboko wa Wakikuyu, ngoma ya jozi iliyochipuka enzi za ukoloni: wawili wameshikana, wanapiga hatua, kisha wanapinda magoti, huku kodiani ikibeba sauti na pete ya chuma, karing'aring'a, ikikata mapigo. Upande wa pili kuna kuruka kwa Wamaasai, kusikohitaji ala yoyote; mapigo yamo kooni mwa waitikiaji, wasichana wanainua mabega ili shanga zicheze, na kijana anapaa wima, mwili umenyooka. Mwomboko husafiri sakafuni. Kuruka kwa Wamaasai hakwendi popote ila juu.

Tuziweke ngoma hizi mbili zifuatane jukwaani, jinsi watunzi wengi wa vyuoni wanavyopenda ili kuonyesha umoja wa makabila. Pale zinapokutana, njia ya mkato ni kumleta msimulizi: anaongea, wachezaji wanakimbilia nafasi zao mpya nyuma yake, na hadhira inakubali kutoona. Nimechoshwa na mbinu hii, maana inaugeuza mwili kuwa kielelezo cha maneno. Mtunzi aliyecheza ngoma zote mbili kwa muda wa kutosha anajua kuwa daraja limo ndani ya goti lenyewe. Kila kuruka huanza kwa kupinda. Tofauti ni kwamba mwomboko huonyesha pindo hilo na kulikawiza, ilhali Mmaasai hulificha, akikiachia kifundo cha mguu kazi karibu yote. Basi pete inyamaze kwanza. Jozi ziendelee kupinda bila chuma, kila mara kwa kina kidogo zaidi, mikono ikilegea, mpaka pindo libakie kifundoni tu. Pumzi ambayo awali ilikuwa ya uchovu sasa inasikika kama mwitikio, na kijana wa kwanza anapopaa hakuna anayeweza kutaja hatua ambayo mwomboko ulikomea.

Suluhisho hilo haliwezi kubuniwa na mtazamaji, hata awe mwerevu kiasi gani. Linamtaka mtu aliyewahi kuwa mchezaji mbaya wa mpito: yule mwanafunzi mgeni chuoni anayeing'arisha kila hatua, akiimalizia kwa tabasamu, na kwa kufanya hivyo akaifunga hatua isipokee nyingine. Kukua kwake kama mchezaji ni kujifunza kuacha hatua wazi. Anapofika kwenye utunzi, uwazi huo tayari ni mali yake. Anachoongeza ni uamuzi wa lini ufungwe na nani aufunge.

Mapokeo yenyewe hayakuzitenga kazi hizi. Olaranyani, kiongozi wa wimbo wa Kimaasai, anaimba na wenzake, anaugeuza wimbo papo hapo, na sauti yake inawafunza vijana mahali pa kuitikia. Jukwaa la mashindano ndilo lililomgawa: mchezaji mbele, mtunzi gizani, mkufunzi kwenye orodha ya walimu. Pengine ndiyo sababu kundi la Gàara, ambalo Opiyo Okach, Afrah Tenambergen na Faustin Linyekula, Mkongo, waliliunda Nairobi katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, liliwavutia vijana wengi: humo watunzi walicheza. Linyekula baadaye alirudi Kongo, akaanzisha Studios Kabako mwaka 2001, na kazi ya kulea wasanii wengine ikawa sehemu ya sanaa yake.

Utengano huo wa mchezaji, mtunzi na mkufunzi una siasa yake pia. Aprili 2025, tamasha la kitaifa lilipofanyika Nakuru, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walipanda jukwaani katika Melvin Jones Academy bila mwelekezi wao, Cleophas Malala, ambaye polisi walikuwa wamemkamata. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza tamthilia yao, Echoes of War. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji kwa nini wanafunzi wafunzwe na mtu asiye mwalimu. Ulikuwa mchezo wa kuigiza, si ngoma, lakini swali hilo linawagusa moja kwa moja vijana wa vyuo wanaoitwa kila muhula wa kwanza kufunza ngoma katika shule za jirani.

Huko shuleni ndiko utunzi unakopimwa upya. Kuhesabu moja, mbili, tatu kunaufaa mwomboko, kwa kuwa pete nayo inahesabu. Kukitumiwa kufunza kuruka, vijana hutua pamoja kama askari wa gwaride, na pumzi inakufa. Mkufunzi mzuri huwaimbisha kwanza wakiwa wamesimama tuli, mpaka visigino vianze kuinuka vyenyewe. Kwa kuwa kila mwaka kundi linahama, waliomaliza shule wakiondoka na miili iliyokwisha kufunzwa, analazimika pia kuamua wazoefu wachache waliobaki wasimame wapi. Mtunzi ndani yake angewaweka mbele, waonekane. Mkufunzi huwaweka mstari wa kati, kwenye zile jozi zinazoachana kwanza, kwa sababu wageni wakiukosa mpito watautafuta kwa kumtazama aliye kando yao.