Mistatili Minne

Tuseme kwenye skrini ya kompyuta mjini Kilifi kuna picha ya nguzo ya Vasco da Gama iliyoko Malindi, na juu yake kidirisha chenye saa za maji kujaa na kupwa. Nani anajua kwamba sehemu ya nguzo imefunikwa? Si programu ya picha. Hiyo huchora kana kwamba skrini yote ni yake. Anayejua ni msimamizi wa madirisha, programu inayoyapanga madirisha kwenye skrini, na ufundi wake nauenzi sana.

Njia nyepesi ya kuchora madirisha yanayolaliana ni ile ya waezekaji wa makuti: huanzia chini, ukingoni mwa paa, na kila safu mpya huilalia iliyotangulia. Huchorwa dirisha la nyuma kabisa, kisha linalofuata, hadi la mbele. Haikosei. Ila kuti lililofunikwa bado lazuia mvua. Pikseli iliyofunikwa haina kazi, na kuichora ni kupoteza muda huku skrini ikimemetuka.

Fundi hasa hukata kabla ya kuchora. Huchukua mstatili wa dirisha la chini, akauondoa ule wa dirisha la juu. Kinachobaki hakizidi mistatili minne: juu, chini, kushoto, kulia. Likija dirisha la tatu, kila kipande hukatwa tena kwa kanuni ile ile. Ukurasa mmoja wa programu watosha, nami kila nikiusoma hustaajabu kwamba kutoa tu kunaweza kubeba skrini nzima.

Bill Atkinson wa Apple alifika mbali zaidi. Alipoitembelea maabara ya Xerox mwaka 1979, aliamini ameona madirisha yaliyofunikwa yakichorwa sehemu zinazoonekana tu. Akarudi akabuni namna ya kufanya hivyo hata kwa maumbo yasiyo mistatili, ikaingia kwenye Macintosh ya mwaka 1984. Kumbe Xerox hawakuwa nayo.

Kusogeza dirisha nako kuna adabu yake. Ukiliteremsha kidogo, nakili mistari ya pikseli kuanzia ule wa chini. Ukianza na wa juu utaifuta ambayo hujainakili. Kisha chora upya pale palipoachwa wazi tu. Na mtu akibofya, orodha ya madirisha husomwa kinyume cha mpangilio wa kuchora, kutoka mbele kwenda nyuma: dirisha la kwanza lililoibeba nukta iliyobofywa ndilo linaloitikia.