Ile foto ya sayari saba inasema kupita yenye ilionekana

Bandugu, wengi wetu tunaijua: sayari saba kwa mstari, zingine rangi ya kutu, zingine za bluu kama bahari na nyeupe kama barafu. NASA iliitoa Februari 2017, wakati kundi la Michaël Gillon, wa Chuo Kikuu cha Liège kule Ubelgiji, lilitangaza sayari saba zenye ukubwa karibu na Dunia yetu, zikizunguka nyota TRAPPIST-1, miaka ya nuru 40 toka hapa. (Jina ni la teleskopi yao, na ndiyo, linachezea ile bia ya watawa.) NASA iliandika wazi kwamba ni kazi ya msanii. Lakini nani anasomaka maandishi ya chini? Kwenye WhatsApp yanakatwa, foto inabaki peke yake, na mtu anakwambia: "Walishapata maji kule."

Kama mchoro, minaukubali. Ukubwa wa sayari ulitoka kwenye vipimo vya kweli. Shida ni ile bahari. Chenye bataalamu walipima ni mwanga wa nyota wenye kupungua kidogo, chini ya 1%, kila mara sayari inapita mbele yake. Toka hapo unapata upana wa sayari na urefu wa mwaka wake; ile ya karibu kabisa, b, inamaliza mwaka kwa siku moja na nusu. Maji hayaonekani hapo, wala hewa.

Kwa hewa ilibidi kungojea teleskopi James Webb, 2023. Na njia yenyewe ni rahisi mpaka inafurahisha. Unapima mwanga wa joto wa nyota na sayari pamoja. Sayari inajificha nyuma ya nyota, unapima tena, unatoa. Chenye kinabaki ni joto la sayari. Kwa b walipata karibu degre 230 upande wa mchana. Hewa nzito ingepeleka sehemu ya joto upande wa usiku, na mchana ungepoa. Kumbe namba ile inafanana na jiwe tupu. Kwa c, karibu degre 107: ni nyingi sana kwa hewa nzito ya gazi karboniki kama ya Zuhura.

Sayari e, yenye wengi wanaitumainia, ilitoa majibu ya kwanza 2025, kisha kupita mbele ya nyota mara nne. Hewa nzito ya hidrojeni iliondolewa. Lakini nyota iko na madoa, na madoa yanaacha alama zenye kufanana na za hewa, njo maana kazi inaendelea. Bahari ilishachorwa miaka minane mbele.

Wengine watasema bila rangi vijana hawatapenda sayansi. Mimi sikubali. Sisi wenye tunafundisha fizikia tunaweza kuchora ule mwanga wa b kwa chaki, hata umeme ukikatika: mstari, shimo dogo, mstari. Halafu uliza darasa shimo lingekuwa la namna gani kama kungekuwa hewa.